Hayo maneno elfu moja yaache kwanza

Mpendwa ndugu yangu,

Salamu nyingi, na pole na usahihishaji wa mitihani ya muhula. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umekabidhiwa Kiingereza cha kidato cha tatu, na uongozi wa shule unataka vijana wawe na msamiati wa juu kabla ya kuingia kidato cha nne. Ndiyo maana unaandaa orodha ya maneno elfu moja magumu wayakariri. Nakusihi, usiwape orodha hiyo.

Mtoto anaweza kumaliza sekondari, akasoma chuo, akafanya kazi mpaka akastaafu bila kukutana na "lugubrious" hata mara moja. Lakini wiki hii hii kitabu chake cha jiografia kinamkwamisha kwa neno "factor". Huyu ni mtoto aliyesoma miaka saba kwa Kiswahili. Kwenye hisabati ameshaambiwa kwamba "factor" ni kigawo, ile ile ya KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika) aliyoisoma shule ya msingi. Sasa anaulizwa "factors influencing the location of industries", yaani mambo yanayoamua viwanda vijengwe wapi, anatafuta namba za kugawanya, namba hazipo. Jibu la swali analo kabisa: malighafi, umeme, barabara, soko, nguvukazi. Anapoteza maksi za kitu anachokijua.

Maneno ya namna hiyo hayana mwenyewe shuleni. Mwalimu wa baiolojia atatumia nusu kipindi kueleza "photosynthesis", ila "process" iliyo kando yake ataipita tu, akiamini wewe wa Kiingereza umeshaifundisha. Nawe unaamini hivyo hivyo juu yake. Hapo ndipo watoto wetu wanapoumia, na hapo ndipo ningeweka nguvu zangu zote kama ningekuwa wewe.

Kazi ya kuyachagua imeshafanywa. Mwaka 2000 mtafiti wa lugha Averil Coxhead wa New Zealand alichapisha orodha ya koo 570 za maneno (ukoo ni neno moja pamoja na yale yanayonyambuliwa kutoka kwake) yanayojirudia katika maandishi ya kitaaluma ya fani mbalimbali, baada ya kuyaondoa yale ya kawaida kama 2,000. Koo hizo peke yake hubeba takriban asilimia 10 ya maneno ya maandishi hayo. Aliyatoa kwenye maandishi ya ngazi ya chuo, kwa hiyo si yote yanayowafaa vijana wako. Anza na kundi la kwanza lenye koo 60: humo mna "analyse", "function", "require", "significant", na hiyo "factor" yetu.

Yafundishe kwa koo. Wanafunzi wako wanajua mnyambuliko kuliko wanavyojidhania: wape "zalisha" watakutolea mzalishaji, uzalishaji, zalishwa bila kufikiri. Basi waandikie ubaoni "produce", waambie wamtafute mzalishaji, kisha kitendo, kisha sifa. Watafika kwenye "producer", "production", "productive", halafu mmoja atauliza kinyume chake ni kipi. Swali hilo likitoka kwa mwanafunzi mwenyewe, neno halimtoki tena.

Kila neno pia lina wenzake linaotembea nao. Anayejua "role" bila kujua kwamba huenda na "play" ataandika "do a role", na insha nzima itayumba. Kwa hiyo kwenye daftari wasiandike neno na maana yake tu, waandike sentensi nzima, tena iliyotoka kwenye kitabu cha somo lingine. Waambie wakuletee kutoka historia na kemia.

Kuhusu kukumbuka, usipoteze fedha. Nunua manila, kata vipande vidogo, neno upande mmoja, sentensi yenye pengo upande wa pili. Tafuta boksi la viatu, ligawe vyumba vitano. Mwanafunzi akipatia, kadi inasogea chumba cha mbele, itarudiwa baada ya siku nyingi zaidi. Akikosa, inarudi chumba cha kwanza. Utaratibu huu aliueleza mwandishi Sebastian Leitner mwaka 1972, na darasa lisilo na umeme linaumudu vizuri tu. Maneno kumi kwa wiki yanatosha. Najua utaona ni machache, lakini kumi yanayorudiwa yanamfikisha mtoto mbali kuliko hamsini ya Ijumaa yanayosahaulika Jumatatu.

Jambo moja usilicheleweshe: maneno ya maswali ya mtihani. Wengi wakiona "discuss" (jadili) wanaorodhesha hoja kama walivyofanya kwenye "mention" (taja). Chukua swali moja, libadilishie neno hilo tu, kisha waandike majibu mawili wayalinganishe. Kipindi kimoja cha zoezi hilo kitakuonyesha nani anaelewa na nani anakariri.

Nimeanza kukata kadi za kundi la kwanza. Zikikamilika nitazituma kwa basi, niandikie tu nani atazipokea stendi. Watoto wakishaandika sentensi zao, nitumie chache, hata zile zenye makosa. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Mwalimu mwenzako