Barua ya wazi kwa vijana wa upatu wetu mnaotafuta ikigai

Wajukuu zangu,

Nimeuona mchoro mnaotumiana kwenye simu: duara nne, yaani unachokipenda, unachokiweza, dunia inachokihitaji na kinachokulipa, na katikati neno la Kijapani ikigai, yaani kile kinachomfanya mtu aone maisha yana thamani. Nimeona pia unavyowaumiza. Mtu amehitimu, ajira hajapata, anajaza duara tatu na ya nne inabaki tupu, basi anaona maisha yake hayana maana.

Mchoro ule haukutoka Japani. Mhispania Andrés Zuzunaga aliuchora akizungumzia lengo la maisha, na mwaka 2014 mwanablogu Marc Winn akaliweka neno la Kijapani pale katikati. Kwa anayechagua kazi, unafaa. Lakini Wajapani hawangoji mshahara ndipo wawe na ikigai. Bustani ya mboga au mjukuu yatosha.

Mkitaka mwalimu wa jambo hili, msomeni Kamiya Mieko, daktari wa magonjwa ya akili aliyechapisha kitabu kuhusu ikigai mwaka 1966. Mengi aliyoyaandika aliyaona Nagashima, kisiwa kidogo mkoani Okayama, kwenye kituo cha Aiseien kilichofunguliwa mwaka 1930 kuwatenga watu wenye ukoma. Wengi waliingia wakiwa vijana kama ninyi, na wako walioacha hata majina yao ili ndugu zao nyumbani wasinyanyapaliwe. Dawa ilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini sheria ya kuwatenga haikufutwa hadi 1996. Mtu wa pale duara yenu ya nne angeijaza na nini?

Mwaka 1953 vipofu wa kituo kile walianzisha bendi ya vinanda vya mdomo, wakaiita Aoitori, yaani ndege wa buluu. Ili wajifunze muziki ilibidi wasome nukta nundu, maandishi ya vipofu yanayosomwa kwa kupapasa, na ukoma ulikuwa umeua hisia za vidole. Basi wako waliojifunza kusoma kwa ulimi. Hebu fikirini: karatasi mdomoni, nukta moja baada ya nyingine, ulimi unachubuka mpaka damu, na kesho yake mtu anarudia, kwa sababu wenzake wanamsubiri kwenye mazoezi.

Kamiya alikuta pale watu wenye hali nafuu waliokata tamaa, na wengine walioumia zaidi lakini wana hamu ya kuishi. Akaandika kwamba ikigai humkaa zaidi mtu anayejua ana jukumu la kutimiza. Namwamini. Hayo nimeyaona hata hapa kwetu.

Wazee wa Okinawa, visiwa vya kusini mwa Japani, nao wana upatu, wanauita moai. Kila mwezi wanachanga, mmoja anapokea, lakini wengi wao hasa wanafuata kuonana: kula pamoja, kuulizana hali, kujua nani hakuja na kwa nini. Ninyi wetu mnaumaliza kwenye simu. Fedha inafika, mtu hamumwoni. Naomba mrudishe kikao cha Jumapili ya kwanza ya mwezi, hata kama ni chai na mihogo tu.

Na yule mwenzenu aliyejitoa kwa sababu hana cha kuchanga, mfuateni kwao wiki hii. Mpeni daftari la hesabu alishike yeye. Hesabu anaziweza kuliko ninyi nyote, na hivi sasa daftari lenyewe limevurugika.

Wenu,
Bibi Mwalimu