Kuhusu watoto kuumana meno
Wazazi wenzangu, habari za jioni. Mtoto wa miaka 2 anayeuma wenzake hana roho mbaya, maneno ndiyo hayajamtosha. Mfariji kwanza aliyeumwa. Ngozi ikichubuka, ioshe kwa maji na sabuni. Kisha chuchumaa mbele ya aliyeuma, macho yenu yalingane, umwambie kwa ufupi: "Ameumia. Tazama, analia." Msimlazimishe kusema pole, ataikariri kama kasuku huku akinyemelea mkono mwingine. Afadhali alete kitambaa chenye maji baridi.

Na jamani, msicheke mbele yake, hata akimbembeleza kuku ambaye yeye mwenyewe amemvuta mkia. Mkicheka, anarudia.

Jumamosi tukikutana na watoto, leteni vikombe viwili viwili vinavyofanana, rangi moja. Kikiwa kimoja ni vita. Matoke sawa, karanga nzima hapana: zinakaba koo. Mchuzi wa karanga ruhusa.