Barua ya wazi kwa vijana wa chama chetu Nakuru: kabla hamjajiita "Nation"

Wanangu, mulembe.

Katibu amenitumia rasimu ya katiba mpya ya chama pamoja na mchoro wa tisheti. Tisheti imependeza. Kilichonikalisha kitini kuandika ni jina. Chama cha watu wa Magharibi mwa Kenya tunaoishi hapa Nakuru, ambacho tangu mwanzo ni cha kuzikana na kuchangiana karo, sasa mnataka kiitwe "Nation". Wazee wenzangu kadhaa wamekasirika. Wanasema Kenya ni taifa moja na nyinyi mnataka kulikata vipande.

Katika hilo mimi niko upande wenu. Wenye Kiingereza chao wanalitumia neno hilo kwa njia mbili. Lilitoka Kilatini, kwenye kuzaliwa, na kwa maana hiyo ni watu wenye asili moja, wawe na serikali yao au wasiwe nayo. Ndiyo sababu Scotland na Wales huitwa hivyo ingawa hazina kiti Umoja wa Mataifa. Marekani kuna Navajo Nation, yenye rais na baraza lake, na watu wake ni raia wa Marekani vilevile. Maana ya pili ni nchi yenye mipaka, bendera na pasipoti. Wazee wanaisikia hii ya pili, nyinyi mnasema ile ya kwanza, na kelele yote ya Jumapili iliyopita ilitoka hapo. Jina halivunji sheria yoyote ya lugha.

Ugomvi wangu uko ukurasa wa pili, kifungu cha uanachama: "mtu ambaye baba yake ni Mluhya." Hapo, wanangu, mmeteleza.

Huo Uluhya mnaoufungia mlango, nani aliujenga? Babu zetu walijiita Wabukusu, Walogoli, Wanyole, Waisukha, Wawanga. Jina la Abaluhya lilienea miaka ya 1930 na 1940, waalimu na watu wa vyama vya siku zile walipotaka sauti moja mbele ya mkoloni. Watiriki nao walichukua jando na marika yao kutoka kwa Waterik, ambao ni Wakalenjin, na hakuna anayewauliza leo kama ni Waluhya kamili. Taifa mnalolisemea limekua kwa kupokea watu.

Mipaka nayo msiitegemee sana. Nakuru hii, na Kisumu, na kwetu kote Magharibi, vilikuwa Uganda hadi tarehe 1 Aprili 1902, Waingereza walipouhamisha Mkoa wa Mashariki wa Uganda na kuuunga na eneo lao la Afrika Mashariki. Hakuna aliyehama nyumba. Wasamia na Wateso wakajikuta wako pande mbili za mstari, na wako hivyo hadi leo, kwenye miji ya mpakani ya Busia na Malaba. Sasa pimeni wenyewe: kwa kifungu chenu, Msamia raia wa Uganda ambaye hajawahi kukanyaga Nakuru anaingia. Mtoto wa binti yetu aliyeolewa na Mkisii, aliyezaliwa hapa na kusoma hapa, ambaye mamake hupika kila matanga yetu, anabaki nje. Huo ni uungwana gani?

Kenya yenyewe ilishatoka huko. Katiba ya zamani ilimpa baba pekee uwezo wa kumrithisha uraia mtoto aliyezaliwa nje ya nchi. Wanawake walilipigania jambo hilo miaka mingi, na Katiba ya 2010, kifungu cha 14, ikasema mama au baba. Mtoto akizaliwa Nakuru au Dubai, mzazi mmoja Mkenya anatosha. Itakuwa aibu "Nation" yetu ndogo iwe na roho finyu kuliko ile kubwa.

Wapenzi wa Ingwe, klabu yetu ya mpira, mtanielewa upesi. Klabu ilianza 1964 ikiitwa Abaluhya. Baadaye serikali ilipotaka majina ya kikabila yaondolewe kwenye michezo, ikawa AFC Leopards, na ngoma yetu ya isukuti haikunyamaza hata siku moja. Mechi yetu na Gor Mahia, klabu ya Wajaluo, tunaiita ya mashemeji. Hatukuiita ya maadui, maana tunaoana nao sana.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema bila mzaha. Wengi wenu mlikuwa watoto Januari 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi. Nakuru watu waliulizwa jina na lugha ya mama barabarani, na jibu likaamua kama utafika nyumbani. Uwanja wa maonyesho ulijaa mahema ya waliokimbia. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Aliyeolewa kabila jingine hakuwa na jibu lililomfaa upande wowote. Uchaguzi ni Agosti 2027, na wanasiasa watakuja kuwatafuta, hasa mkiwa na jina kubwa na tisheti za rangi moja. Mmoja akisimama jukwaani na kusema "Nation imeamua", mwulizeni mkutano huo ulifanyika lini na nani aliandika kumbukumbu.

Ombi langu kwa mkutano ni dogo. Jina libaki kama mnalipenda. Kifungu kiseme: mwenye mama au baba kutoka Magharibi, aliyeoa au kuolewa kwetu, na jirani yeyote aliyetoa mchango wake mwaka mzima. Basari, yaani msaada wa karo, nayo igawiwe kwa kufuata orodha hiyo hiyo. Pendekezo nimeliandika kwa mkono na kumkabidhi mwekahazina, na tayari wamama wawili wa kamati wameliunga mkono. Likipita, nitavaa tisheti. Saizi yangu ni kubwa, msisahau.

Mzee wenu,
mwalimu mstaafu, Nakuru