Zai, jikoni mmemweka nani?

Shoga yangu Zai,

Salamu nyingi, mie mzima, watoto wazima, baridi tu ndo haina adabu. Mwambie Mama Kidawa mzigo wake anakuja nao Chande na aache kumpigia mtoto wa watu kila saa.

Haya. Voisi yako nimeisikiliza yote mpaka pale muuza mihogo anapokukatiza. Kwahiyo mmeamua kweli, mnaenda kukaa kwenye ngazi za zahanati mpaka wajenge njia ya viti vya magurudumu? Afu unaniambia eti we si uko huko kwa wenzetu, tuambie walifanyaje. Nilicheka peke yangu. We unadhani huku walizaliwa na lifti? Lifti ya stesheni ninayotumia hapa Oakland, Marekani, wiki hii yote imekufa, na ikiwa nzima inanuka mkojo kushinda choo cha stendi. Ila ipo, na haikuja bure, kuna watu walilala sakafuni.

Ngoja nikwambie, na najua unataka ya mabango na hotuba, mi nitakupa ya sufuria. Marekani walipitisha sheria 1973, kifungu kinaitwa 504, popote penye hela ya serikali kuu, iwe shule, hospitali, chuo, marufuku kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Safi kabisa kwenye karatasi. Kanuni za kuitekeleza sasa, miaka inapita, waziri anaingia waziri anatoka, hakuna anayesaini. Si unaona kama nyumbani? Sheria yetu ya watu wenye ulemavu, Namba 9 ya 2010, imeandikwa vizuri mpaka raha, na ngazi zenu ziko palepale.

Basi tarehe 5 Aprili 1977 watu wenye ulemavu wakaandamana miji kadhaa kwenye ofisi za wizara ya afya, elimu na ustawi, ndo waziri wake alitakiwa asaini. Wa Washington waliingia ndani, wakatoka baada ya siku moja na ushee, na wala hawakupigwa Zai, chakula tu ndo hakikuruhusiwa kuingia. Njaa iliwatoa. Wa San Francisco, mji jirani na huku, kama watu 150, walikaa mpaka tarehe 30, na waziri alikuwa ameshasaini tarehe 28.

Sasa jiulize waliwezaje, maana wengi waliingia na nguo za mwilini tu. Watu wa viti, wasioona, viziwi, wengine lazima wageuzwe usiku wasipate vidonda vya kulalia, wengine hata mipira ya mkojo hawakubeba. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Kitty Cone, misuli yake inadhoofika, mtu wa mipango hasa, yeye na wenzake walishagawana kamati mapema, ya chakula kivyake, ya dawa kivyake. Friji hakuna, wakabandika boksi kwa tepu kwenye kiyoyozi cha ofisi, dawa zikakaa humo! Simu zilipokatwa viziwi wakasimama madirishani wakaongea kwa ishara na wenzao wa nje. Meya wa mji akaleta magodoro, yaani serikali ya mji inalisha ugomvi na serikali kuu.

Na chakula cha moto kila siku kilitoka hapahapa Oakland, kwa Black Panther, chama cha Wamarekani weusi, wale wale wa bunduki unaowajua kwenye picha. Walikuwa na mwenzao anaitwa Brad Lomax, mtu wa kiti, yumo humo ndani na msaidizi wake Chuck Jackson, na huyo Chuck akawa anahudumia na wengine. Mi kila nikisoma habari hizi wanamtaja Judy Heumann, mmoja wa viongozi wa mgomo ule, na sawa atajwe, yule polio kama sisi, utotoni New York walimkatalia shule eti kiti chake ni hatari moto ukitokea. Na alimwambia ofisa wa wizara mbele za watu aache kutingisha kichwa kama anakubali wakati haelewi wanachosema (mkumbukeni yule bwana wenu wa tabasamu). Lakini Judy bila wapishi angekuwa nyumbani kesho yake kama wa Washington.

Ndo maana nawaka. Mwenyekiti mmeweka, mweka hazina mmeweka, wasemaji wawili na tayari hawasalimiani, Babu Pweza kapewa uongozi sababu ana maiki. Jikoni hamna mtu. Na usiniambie akina dada watajua, akina dada ni we na Mwanahawa na nyote mnatembelea magongo! Halafu choo. Choo cha zahanati si kiko juu ya ngazi hizohizo mnazozigomea? Mmelifikiria hilo au mtabanwa kwa pamoja?

Mie ningekuja ila bega limegoma, magongo nimeweka pembeni sasa nakalia kiti, mama bado usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikipata... basi tu.

Nijibu haya kabla ya Ijumaa. Mama ntilie wa pale kona mmeongea nae, atawapikia kwa mkopo? Nani anawageuza akina Saidi usiku, na analipwa au mnamtegemea kwa huruma? Mtu akizidiwa saa nane bajaji ya nani inasubiri? Viziwi wenu wana mkalimani au watakaa wanaangalia midomo? Masika yakiwakuta hapo nje je, turubai lipo? Na hela nikituma nitume namba ya nani, maana ya Babu Pweza situmi ng'o.

Mwenzio,
Rehema