Hiyo "njoo kesho" tuandikieni

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa wasomaji niseme hili la ofisi za serikali, manake kahawani nimelisema mpaka wenzangu wamenichoka.

Wiki jana nilimpeleka mamangu ofisi moja hapa mjini (siitaji, wenyewe wakisoma watajijua) kufuatilia cheti cha kuzaliwa cha mjukuu wake. Sisi twakaa Likoni. Feri ni bure kwa mwenda kwa miguu sawa, lakini matatu si bure, na miguu ya bimkubwa wa miaka 70 yavimba. Karani hata kichwa hakuinua, "sistimu imelala mama, njoo Alhamisi". Alhamisi tukarudi, dirishani tukamkuta kijana mwengine, ati "nani aliewaambia Alhamisi?" Mamangu akabaki na bahasha yake ya kaki mkononi, ananitizama kama kwamba mie ndo nilosema.

Wengi hapo hulaumu mitambo. Mitambo ipo, eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali, ipo tangu 2014 na vijana wa saiba, yale maduka ya intaneti, wakujazia fomu chapchap ukiwapa chao. Mie naona ugonjwa ni kwamba neno la karani halina mwenyewe, likishamtoka limekwenda na upepo, na ukitaka lisiende na upepo ndo unaanza kuskia habari za chai.

Katiba yetu ya Kenya ya 2010 kifungu cha 232 imetaja huduma ya haraka, isiyo na upendeleo, na mtumishi awajibike. Maneno matamu, nayo kila ofisi imebandika ukutani ubao wa ahadi zake. Lakini chenye meno ni kifungu cha 47, chasema ofisi ikikata jambo la kuumiza haki yako una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi jamani! Na ile sheria ya kupata habari ya 2016 yampa afisa siku 21 akujibu ukiomba habari.

Sasa ninalotaka ni dogo. Kila "njoo kesho" iandikwe kwenye kikaratasi, tarehe ya leo, sababu, siku ya kurudi, jina la aliesema, muhuri. Haitaki kamati wala wakubwa kupanda ndege kwenda kujifunza Singapore. Mtu akijua jina lake litabaki mkononi mwa mwenziwe atainua kichwa kwanza. Na makarani wasinune, najua pengine wapo wawili tu na watu mia wamewasubiri, basi hivyo vikaratasi vikihesabiwa mwisho wa mwezi mkubwa wao ataona dirisha gani limezidiwa awaongeze watu, saa hii ataonea wapi?

Mamangu amekataa kurudi na shule yakitaka hicho cheti. Jumatatu naenda mie, nimeshakata vikaratasi vinne kwenye daftari la mtoto, nitamuomba karani anijazie.

Msomaji wenu,
Likoni, Mombasa