Barua ya Wazi kwa Wahitimu Mnaoikimbia Bodi ya Mikopo

Wanangu wahitimu,

Juzi, kwenye kikao cha harusi, niliwasikia mkifundishana namna ya kuikwepa Bodi ya Mikopo ya Tanzania, iliyowakopesha fedha za kusomea chuo: badilisha laini ya simu, tafuta mwajiri anayelipa taslimu, usimtajie mtu namba yako ya mtihani wa kidato cha nne. Mlikuwa mnacheka. Mimi niliyeandaa mishahara ya watu mpaka nikastaafu sikuona cha kuchekesha.

Deni hili lina njia nyingi za kumfikia mtu. Sheria iliyoianzisha Bodi mwaka 2004 haikumwachia mdaiwa peke yake hiari ya kulipa, bali ilimbebesha mwajiri jukumu la kukata mshahara kila mwezi na kuwasilisha makato, na akizembea anaadhibiwa yeye. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, makato ni asilimia 15 ya mshahara badala ya 8. Aliyejiajiri naye anadaiwa vilevile.

Linalonikera kuliko yote ni habari ya wadhamini. Mnaikumbuka fomu ile? Mama mdogo au mjomba alibandika picha yake, akasaini pale mlipomwonyesha kwa kidole, kisha mkaipeleka kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa wakili ipigwe muhuri. Wengi wao hawakusoma hata mstari mmoja, kwa kuwa waliwaamini ninyi. Namfahamu mjane mmoja aliyepigiwa simu akiulizwa alipo binti aliyemdhamini, wakati binti mwenyewe alikwishabadili namba na huku mtandaoni anapiga picha akiegemea gari. Yule mama alinifuata usiku kuniuliza kama watachukua kiwanja chake. Nawauliza ninyi mliokuwa mkicheka: mlitaka nimjibu nini? Bumu, yaani fedha ya kujikimu chuoni, mlilipokea wenyewe, mkanunua simu na viatu. Iweje anayekosa usingizi awe yeye?

Sisemi kwamba Serikali haina lawama. Aliyesaini mkataba akijua atakatwa asilimia 8, kisha akakuta 15, ana haki ya kunung'unika, na mwaka 2021 ilipofutwa ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, wengi walikuwa wamekwishaona deni likipanda huku wanalipa. Lakini kunung'unika ni jambo moja na kutoroka ni jingine, maana marejesho yenu ni sehemu ya fedha anazokopeshwa mdogo wako aliyeko chuoni leo.

Basi ulizia salio lako ungali huna kazi. Ukiajiriwa, jitaje mwenyewe. Usikope benki kabla hujapiga hesabu ya makato ya Bodi, usije ukajikuta unabaki na theluthi ya mshahara au pungufu. Ukimaliza, omba hati ya kumaliza deni.

Na tunzeni hati za mshahara, zote. Wapo waajiri wanaokata kila mwezi na fedha zisifike Bodi, na kijana akienda kuuliza anaambiwa bado anadaiwa. Huo ni wizi, hata kama mwizi amevaa tai. Ukiona makato yako hayasomeki kwenye taarifa ya deni, peleka nakala za hati hizo Bodi mapema, kabla mwajiri hajafunga ofisi.

Mzee wenu,
Mhasibu mstaafu