Kidonda cha mguu kisichouma, usitume mtoto dukani

Haipiti wiki hajaja mtoto hapa kwenye duka letu la dawa na noti imekunjwa mkononi, "nimeambiwa nipewe rangi mbili na plasta", yaani zile kapsuli za antibiotiki. Za nani? Za babu, ana kidonda mguuni. Kinamuuma? Hapana, wala hakimuumi. Hapo ndo huwa tunagoma kuuza, tunamwambia mtoto akamlete babu mwenyewe, na wengine wanatununia kabisa eti tunajifanya madaktari.

Jamani kidonda kinatakiwa kuuma. Sukari ikikaa juu miaka na miaka inaharibu mishipa ya fahamu, miguu inakufa ganzi, na damu nayo haifiki vizuri vidoleni, sasa mtu anakanyaga kitu na hana habari. Kuna mzee alikuja kuchukua dawa zake za presha, anageuka kuondoka tukaona sakafu ina alama za damu, kumvua yeboyebo tunakuta pini imetoboa soli imezama kwenye kisigino, yeye anatushangaa sisi, "mbona sijasikia kitu?"

Ule unga wa kapsuli mnaomwagia juu unaganda tu kama ukoko, chini usaha unaendelea kuchimba. Na vingi vinaanza kijinga tu, lengelenge la kiatu kipya, sugu iliyokwanguliwa na wembe, au beseni la maji ya moto la kukanda miguu, maana mguu wenye ganzi unaungua na mwenyewe anapiga stori.

Kwahiyo ukija na kidonda tunakupima kwanza sukari ya kidole, dakika haiishi. Kama hujala tangu usiku na mashine ikasoma 7 au zaidi tunakuandikia namba kwenye karatasi uende nayo hospitali wakarudie kipimo, dawa ya sukari hatukuanzishii sisi. Kidonda kidogo kisafi tutakiosha na kukifunga gozi, ila bado daktari akione. Kikiwa kinanuka, kidole kimekuwa cheusi, wekundu unapanda juu au una homa, hatukigusi, ni bajaji na hospitali siku hiyohiyo, sio kesho baada ya soko.

Wenye sukari tayari, kagueni miguu kila jioni mpaka katikati ya vidole. Kama kuinama shida weka kioo cha mkono sakafuni uone unyayo, au muite mjukuu, hao wana macho makali. Na viatu kung'uta kabla hujavaa, hata yeboyebo.